UZI: Maji ya bomba na ya kisima pembezoni mwa Dar: pima ugumu na chumvi kabla hujanunua mashine

#1 Mkondo_wa_Ruvu

Wakuu, swali la mashine ya maji linarudi humu kila wiki, na majibu ni yale yale: nunua hii, achana na ile. Hakuna anayeuliza maji yenyewe yana nini. Uzi huu ni kwa walioko Goba, Madale, Bunju, Kibamba, Kinyerezi, Chanika na Kigamboni, ambako nyumba moja inaweza kupokea maji ya aina tatu ndani ya wiki moja: ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar), ya kisima na ya boza, yote yakaishia kwenye simtank moja.

Tuanze na maneno. Mtaani maji yakishakuwa si "baridi" basi yote tunayaita ya chumvi. Humo ndani mna vitu viwili. Ugumu ni kalsiamu na magneziamu. Hauna ladha ya kukukunja uso, lakini sabuni haitoi povu, birika linashika ukoko mweupe na shuka jeupe linafifia. Chumvi ni hasa sodiamu na kloraidi, ile ile ya mezani. Hiyo utaionja ulimini kloraidi ikizidi kama miligramu 250 kwa lita, itakula koki na vyuma kwa kutu, itaunguza mchicha. Kisima kinaweza kuwa na kimoja bila kingine, au vyote viwili. Na dawa ya kimoja haitibu kingine. Kosa la fedha nyingi linaanzia hapo.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini. 61 hadi 120 ni wastani. 121 hadi 180 ni magumu, na kuzidi 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba ukoko wa birika ndio unaoleta mawe ya figo. Ugumu ni hasara ya sabuni, umeme na heta.

Maji ya DAWASA kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu: mtambo wa Ruvu Chini kwa njia ya Bagamoyo, Ruvu Juu kwa njia ya Morogoro. Maji ya mto huwa laini kuliko ya visima vyetu vya pwani. Tabu yake ni tope na mgao, si ukoko. Kisima ni kadiri ya ardhi unayochimba. Wazo ni kilima cha mawe ya chokaa, na ndiyo maana kiwanda cha saruji kiko pale. Kigamboni nako ukanda wa pwani umekalia mawe ya matumbawe. Maji yakipita kwenye chokaa yanaibeba.

#2 Kibamba_Juu

Mkuu, hiyo miligramu mtu wa kawaida anaipimaje? Wengi wetu tuna kile kikalamu cha TDS tu.

#3 Beseni_na_Bomba

Kikalamu cha TDS hakipimi ugumu. Kinapitisha umeme kwenye maji, kinakadiria jumla ya vyote vilivyoyeyuka, kisha kinakupa namba moja. Maji ya TDS 500 yanaweza kuwa na ugumu wa 400 au wa 40. Kinafaa kulinganisha tu: kisima chako mwezi huu na mwezi ujao, maji kabla ya mashine ya RO (ile inayosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi) na baada yake.

Ugumu unapimika jikoni, ila uwe na subira. Unahitaji sabuni ya mche, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja na pointi yake, bomba la sindano la mililita 5, chupa ya nusu lita yenye mfuniko, maji ya mvua, na chumvi ya Epsom kutoka duka la dawa. Sabuni ya unga au ya maji haifai hapa, maana hiyo imetengenezwa isijali ugumu.

Kwangua gramu 10 za sabuni ya mche, yeyusha kwenye nusu lita ya maji ya mvua ya moto, acha ipoe. Hiyo ndiyo dawa yako ya kupimia. Sasa tengeneza maji ya mfano: gramu 7.4 za chumvi ya Epsom kwenye lita 10 za maji ya mvua. Ugumu wake ni 300 kamili.

Weka mililita 50 za maji ya mvua matupu kwenye chupa, ongeza dawa nusu mililita nusu mililita, tikisa kwa nguvu kila mara. Simama pale povu linapobaki juu ya maji dakika 5 bila kuvunjika. Andika umetumia kiasi gani. Rudia kwa maji ya mfano, kisha kwa maji yako. Tuseme mvua imekula mililita 1, mfano mililita 7, kisima mililita 11. Toa ile 1 ya mvua kila upande: mfano ni 6, kisima ni 10. Gawanya 10 kwa 6, zidisha kwa 300. Kisima chako kina ugumu wa 500.

Panapokosewa: povu la kwanza la uongo. Magneziamu hushika sabuni polepole, kwa hiyo unaona povu, unafurahi, baada ya dakika mbili limezama na maji yamebaki na utando kama wa maziwa yaliyokatika. Endelea kuongeza. Jambo la pili, chupa iliyooshwa kwa sabuni ya maji ikasuuzwa nusu nusu itakudanganya.

#4 Mama_Ndoo

Na hesabu ya sabuni inayopotea ikoje? Watu wa nyumbani tunaelewa hasara, hizo miligramu ni za kwenu.

#5 Beseni_na_Bomba

Dada, ndoo ya lita 20 yenye ugumu wa 300 inameza takriban gramu 37 za sabuni halisi kabla povu la kwanza halijasimama. Huo ni utando tu, haujafua hata soksi. Na utando huo ndio unaoganda kwenye nyuzi, taulo likakauka kama ngozi.

#6 Mkondo_wa_Ruvu

Kwa kufulia, njia rahisi ni magadi soda. Yanashika kalsiamu na kuizamisha chini kama unga mweupe, sabuni inabaki kufanya kazi yake. Ndoo ile ile ya lita 20 kwa ugumu wa 300 inataka gramu 6.4 za magadi soda ya unga mkavu, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu hivi, kutegemea yalivyosagwa. Yakiwa yale ya vipande vya kung'aa vyenye maji ndani yake, gramu 17. Koroga, acha nusu saa, chota ya juu taratibu, mashapo yamwage.

Magadi ya mawe ya sokoni si safi kiasi hicho. Sehemu yake ni baikaboneti, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo mpaka povu likubali. Yasiwekwe kwenye maji ya kunywa: magadi ya ziwani, hasa ya ukanda wa Natron, yanaweza kubeba floraidi nyingi. Sufu na hariri nazo hazipendi magadi.

#7 Goba_Kwa_Chini

Kuchemsha je? Si ukoko unabaki kwenye sufuria na maji yanakuwa laini?

#8 Mpima_Kina

Nusu kweli. Ugumu wa muda, ule wa baikaboneti, unaganda ukichemsha dakika kama 5, ndio ukoko wa birika. Ugumu wa kudumu, wa salfeti na kloraidi, haushtuki hata uchemshe hadi magharibi. Chumvi, naitreti na floraidi pia haziondoki. Maji yanapopungua kwa mvuke ndivyo zinavyozidi kukolea. Kuchemsha ni kwa ajili ya vijidudu, na kwa hilo hakuna ubishi: yakitokota vizuri, yafunike yapoe humo humo.

Naitreti isemwe kwa sauti, maana haina rangi, harufu wala ladha. Kwenye viwanja vyetu vya mita 20 kwa 20, shimo la choo la jirani na kisima chako vinaweza kutazamana. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Kichujio cha mkaa hakiiondoi. RO inapunguza sana.

#9 Kigamboni_Mwambao

Huku kisima kinaanza na maji baridi, pampu ikikaa saa tatu inavuta maji ya chumvi. Fundi anashauri tuchimbe zaidi chini.

#10 Mpima_Kina

Hapo akichimba zaidi atayafuata hayo hayo ya chumvi. Mwambao, maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kanuni ya wataalamu wa maji ardhini ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imekalia kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Sasa geuza: ukishusha kina kwa mita 1 kwa kuvuta kwa pupa, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 40 pale chini ya kisima. Haupandi siku hiyo hiyo, lakini unapanda, kwa umbo la kichuguu, mpaka mdomoni mwa pampu.

Kwa hiyo weka pampu ndogo, ivute nusu saa ipumzike saa mbili, iinuliwe juu kadiri kina cha maji kinavyoruhusu bila kuvuta hewa, na tenki liwe kubwa ili kisima kisikimbizwe. Pima TDS maji yakianza kutoka, kisha kila dakika 15, uandike. Namba ikianza kupanda, huo ndio muda wa kuzima. Kisima kilichokwisha kupandisha chumvi hupona polepole, masika kadhaa, na wakati mwingine hakiponi. Na jirani zako wanne wakivuta kwa pupa, upole wako peke yako hautoshi. Vibali vya visima huku ni vya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ulizeni kabla ya kuita mtambo wa kuchimba.

#11 Kibamba_Juu

Kuna wauzaji wanapita nyumba kwa nyumba na kifaa cha nondo mbili. Wanatumbukiza kwenye maji ya bomba, yanageuka kahawia na kutoa matope. Maji ya mashine yao yanabaki meupe. Inatisha kweli.

#12 Beseni_na_Bomba

Mazingaombwe. Nondo moja ni chuma. Umeme ukipita kwenye maji yenye madini, chuma chenyewe ndicho kinacholika na kutoa kutu. Maji ya RO hayana madini ya kupitisha umeme, basi hayabadiliki. Mtie ubaoni: mwambie aweke chembe ya chumvi safi ya mezani kwenye maji ya mashine yake, arudie. Yatageuka kahawia vile vile.

#13 Heta_na_Waya

Tuje kwenye mashine sasa, maana ndiko pesa zinakozama.

Ya kulainisha, ile yenye mtungi wa resini na ndoo ya chumvi pembeni, hubadilishana: inachukua kalsiamu na magneziamu, inatoa sodiamu. Lita 1 ya resini kwa matumizi ya kawaida inabeba kama gramu 50 za ugumu. Mtungi wa lita 25 unabeba gramu 1,250. Kwa maji ya ugumu wa 400 utapata lita 3,125, kisha unauosha kwa kilo 3 hadi 4 za chumvi. Anayekuuzia bila kukufanyia hesabu hiyo anakuuzia mtungi, huduma hamna. Tumia chumvi ya mawe iliyo safi. Ya unga inashikamana chini ya ndoo kama zege, na yenye mchanga inaziba mrija unaovuta maji ya chumvi.

TDS haitashuka baada ya mashine hiyo, na si ubovu. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondoka zinaacha kama miligramu 46 za sodiamu. Kwa hiyo bomba la jikoni la kunywa liachwe nje ya mashine, hasa mwenye presha akiwemo ndani. Na kama kisima kina chumvi ya kuonjeka, usinunue hii kabisa. Chumvi itabaki ilivyo, na sodiamu nyingi iliyomo inazuia resini kufanya kazi.

RO ndiyo inayotoa chumvi. Ila ile ya chini ya sinki inataka presha ya baa 3 au zaidi. Tenki lililo juu ya mnara wa mita 4 linakupa baa 0.4. Watu wanafunga, maji yanadondoka kama machozi, lawama kwa mashine. Weka pampu yake ndogo ya kuongezea presha. Mbele yake uwe na katriji ya mikroni 5 ya kukamata tope na ya mkaa ya kukamata klorini, maana klorini inakula utando wa RO. Ugumu mkubwa nao unauziba kwa ukoko. Maji yanayotupwa mara nyingi huwa lita 3 kwa kila lita 1 unayokunywa. Yaelekeze kwenye pipa la kupigia deki, yasiende bustanini kama yana chumvi.

#14 Mama_Ndoo

Na heta ya bafuni inayopiga shoti maji yakiwa ya kisima? Ya DAWASA haipigi.

#15 Heta_na_Waya

Hiyo ni hatari, zima swichi yake leo. Heta za papo kwa papo za bei ya chini zina waya wa moto uliolala wazi ndani ya maji. Maji ya Ruvu yanapitisha umeme kidogo, ya chumvi yanapitisha kwingi, na mkondo unamfikia anayeoga. Zipo aina zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, waya wake umefunikwa ndani ya mrija. Hata hiyo iwe na waya wa ethi unaofika kweli kwenye rodi iliyo ardhini, na RCCB (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 kwenye bodi. Ethi iliyofungwa kwenye bomba la plastiki ni pambo.

Heta ya tenki: weka nyuzi 55 hadi 60. Ukizidisha, ukoko unaganda haraka. Kila mwaka fungua uangalie fimbo ya magneziamu. Inaliwa kwa makusudi ili tenki lisiliwe. Ikiisha zaidi ya nusu, au waya wa katikati ukionekana, badilisha.

Kuondoa ukoko kwenye birika na kichwa cha bafu: asidi ya sitriki gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, nusu saa. Usiichemshe, inaganda upya kwa umbo jingine gumu kuondoa. Siki ya asilimia 5 inafaa pia: lita moja inamaliza kama gramu 40 za ukoko. Usichanganye kamwe siki au sitriki na jiki. Gesi ya klorini inayotoka inachoma mapafu, na bafu zetu madirisha ni madogo.

#16 Goba_Kwa_Chini

Maji ya DAWASA baada ya mgao yanakuja kahawia. Kutu au tope?

#17 Mkondo_wa_Ruvu

Kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, weka dirishani, tazama. Yakiwa ya kahawia tangu yanatoka na baada ya saa chache mashapo yamekaa chini, ni tope au kutu iliyosukumwa na presha iliporudi. Yakitoka meupe kisha yakageuka rangi ya chai yakikaa, ni chuma kilichoyeyuka, hiyo ni tabia ya kisima. Yakiwa kama maziwa na yanasafika kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu.

Ya mgao dawa yake ni geti valvu na koki ya kumwagia kabla ya tenki. Mwaga ya mwanzo mpaka yasafike, ndipo ufungulie tenki. Kwa dharura tumia shabu: gramu 1 kwa ndoo ya lita 20, yeyusha pembeni, koroga haraka dakika 1, kisha polepole dakika 5, acha saa moja au zaidi. Shabu inazamisha tope, haiui vijidudu.

Na jamani, msifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA. Presha ikishuka unavuta maji machafu kupitia kila nyufa ya mtaa mzima. Bomba liingie juu ya tenki, mdomo wake ukiwa juu ya usawa wa maji, na laini ya kisima isiungane nayo popote.

#18 Mpima_Kina

Niongeze la klorini. Maji ya mtambo yanakuja na klorini kidogo. Yakikaa kwenye tenki la joto siku mbili tatu inaisha. Lengo ni kubaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita bombani. Tenki la lita 1,000: gramu 3 za klorini ya unga ya asilimia 65, au mililita 57 za jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato. Subiri nusu saa. Maji yawe yametulia, tope linaila klorini kabla haijagusa kijidudu. Kwa ndoo, kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20.

Kuosha tenki kila miezi sita: toa maji, sugua kwa brashi bila sabuni, mwaga mashapo, jaza. Kwa lita 1,000 yeyusha gramu 77 za unga ule kwenye ndoo. Unga uingie kwenye maji, usimwagie maji unga. Mimina, fungua kila koki mpaka harufu ifike, funga, acha saa 12. Kisha mwaga yote, si kwenye shimo la choo, suuza, jaza upya.

#19 Kibamba_Juu

Kwa mwenye DAWASA ya mgao na kisima kigumu, matenki mawili au kuchanganya?

#20 Mkondo_wa_Ruvu

Hesabu ya kuchanganya ni nyepesi. Nusu kwa nusu, ya 80 na ya 400, unapata 240. Bado magumu sana. Robo tatu ya DAWASA, unapata 160. Ikiwa mgao haukupi robo tatu, tenganisha: tenki la DAWASA lilishe jikoni, heta na mashine ya kufulia, la kisima lilishe vyoo, deki na kuosha gari. Bomba za kisima zipake rangi tofauti, fundi wa kesho asije akaziunga.

#21 Kigamboni_Mwambao

Sampuli ya maabara nachukuaje?

#22 Mpima_Kina

Ya kemikali: chupa ya plastiki ya lita 1, isuuze mara tatu kwa maji yale yale, jaza hadi mdomoni. Pampu iwe imevuta dakika 10 kabla, usipime maji yaliyolala bombani. Omba ugumu, kloraidi, naitreti, floraidi, chuma, pH na TDS. Ya vijidudu: chupa tasa uipate maabara kwenyewe, ya bombani ina dawa ndani ya kuzima klorini, kwa hiyo usiisuuze. Pitisha moto kwenye mdomo wa koki kama ni ya chuma, kinga mililita 100, funga bila kugusa ndani ya mfuniko, weka kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Toka asubuhi, foleni ya kivuko isikukute.